Ufundi wa Pumzi Moja

Kwenye Bandari ya Bujumbura macho ya watu huwa kwenye shehena: saruji, makontena, meli iliyoingia kutoka Kigoma au Mpulungu. Fundi ninayetaka kumsifu hayumo kwenye daftari la mishahara. Ni fira wa majini wa Ziwa Tanganyika, nyoka wa kahawia mwenye pete nyeusi shingoni, anayeweza kufikia mita 2 na zaidi. Riziki yake ni samaki, na maskani yake ni mawe ya ufukweni. Watu wakijenga gati au ukuta wa mawe, naye hujitwalia chumba.

Anawinda bila pupa. Huambaa jiwe hadi jiwe, akichungulia kila upenyo ambamo samaki amejibanza. Ni wa ukoo mmoja na fira wa nchi kavu na umbo lao ni moja: hata mkia wake si bapa kama wa nyoka wa baharini. Mtaji wake ni pumzi. Huvuta hewa juu, hujaza pafu lake refu, kisha huzama. Inaelezwa kuwa hufika mita 25 chini na kukaa hadi dakika 10. Mwili wake hauchomi akiba hiyo kujitia joto, kwa hiyo kidogo humtosha pale ambapo mimi na wewe tungekuwa tumeshakata roho.

Aliyemweleza kitaalamu kwanza, mwaka 1886, ni Louis Dollo wa Brussels. Bwana huyu alikuwa bingwa wa mifupa ya watambaazi wa kale, yakiwemo majitu ya baharini yaliyotoweka. Mwaka 1893 akatoa kanuni yake: kiungo kilichopotea katika uzao hakirudi kama kilivyokuwa. Wazee wa watambaazi walitoka majini na kuyaacha matamvua hukohuko. Wajukuu waliorejea hawakurudishiwa.

Plesiosauri, mtambaazi wa baharini aliyetoweka, alirejea majini akabadilika mwili mzima. Elasmosauri, mmoja wa jamii hiyo aliyechimbuliwa Kansas mwaka 1867, alikuwa na pingili 72 za shingo. Twiga anazo 7. Miguu yote minne ikawa mapezi. Wengine wa jamii yake wamekutwa na mawe tumboni, kama mamba wa mto Rusizi, na wataalamu wangali wakibishana kama yalikuwa ya kuongeza uzito au ya kusaga chakula. Kinachonigusa zaidi ni vichwa vya mifupa ya mapezi: baadhi vina sehemu zilizokufa kwa kukosa damu, dhara linalowapata hata wazamiaji wa leo. Bingwa huyo wa kuzama naye alilipa gharama ya kina.

Jamii hiyo ilitoweka miaka milioni 66 iliyopita, Tanganyika likiwa halijakuwapo. Na hata wangelikuta, mita zake 1,470 zisingewafaa kitu: huku kaskazini, ukishapita mita mia hivi, oksijeni huisha na samaki hakuna. Fira huzama hadi penye chakula, basi. Kwangu huyu ndiye fundi zaidi, kwa sababu amefanya mengi kwa vifaa vichache.

Sumu yake ni kali, ila akimwona mtu kwa kawaida hukimbia. Wavu ndio unaomwua, maana akinaswa hapandi tena kuvuta hewa. Wavuvi, tegeni mbali kidogo na mawe.