Sylvanas Atarudi Silvermoon na Kesi Isiyo Yake

Swali linalowakesha wachezaji wa World of Warcraft, wawe Stockholm au Raskazone ya Tanga, ni moja: Sylvanas anarudi au harudi? Midnight, toleo lililopangiwa Machi 2026, linawapeleka wachezaji Quel'Thalas, na mji wa Silvermoon umejengwa upya. Huko ndiko kwao. Huko alikuwa jemadari wa walinzi wa misitu, na huko Arthas alimuua kisha akamfufua kuwa mzuka. Dada zake, Alleria na Vereesa, wako hai. Safu hii inasema atarudi, kama si katika toleo hili basi lijalo, kwa kuwa Blizzard hawana mazoea ya kumwacha pembeni mhusika anayeuza. Ila atarudi na kesi ya kuuchoma mti wa Teldrassil, aliyobambikiwa na waandishi wake tarehe 31 Julai 2018, na kesi hiyo mpaka leo haina ushahidi unaosimama.

Video ya siku ile haihitaji kusimuliwa upya, lakini sekunde zake chache za mwisho zinastahili kutazamwa polepole. Delaryn Summermoon, askari wa Night Elf, amelala ufukweni, roho mkononi. Nyuma ya maji umesimama Teldrassil, mti mkubwa kama kisiwa, umebeba mji wa Darnassus na watu wake. Sylvanas anapiga magoti karibu naye. Picha za kifo chake mwenyewe zinapita, mkono wa Arthas, upanga, yale yote tuliyoyajua tangu 2002. Delaryn anamwambia kwamba tumaini haliuliki. Sylvanas anakigeuza kichwa cha majeruhi yule kuelekea mti, ili aone vizuri, kisha anatoa amri ya kuchoma. Saurfang, kamanda wake wa Horde, amesimama pale, haamini masikio yake.

Kama filamu, ni kazi nzuri. Kama hatua ya hadithi, ni kosa la wazi.

Tazama mpango wa vita ulivyokuwa. Mpango wa Saurfang ulikuwa kuuteka mti, si kuuchoma. Watu wake wangekuwa mateka, na Alliance, upande wa pili wa vita, ingegawanyika: Night Elf wakidai kwao kukombolewe kwanza, Greymane akiuliza mbona Gilneas yake haikukombolewa mpaka wakati huo. Ili hilo litimie, Malfurion, kiongozi wa Night Elf, alipaswa kufa. Saurfang alimpiga shoka la mgongoni, akaona aibu, akashindwa kummaliza, na Tyrande akaja kumchukua mumewe. Mpango ukavunjika palepale. Hapo mtu anaweza kuelewa jemadari anayebaki na mji wa kuushikilia na ushindi usio na faida.

Lakini sehemu kubwa ya hayo hayamo ndani ya gemu. Yamo kwenye A Good War, hadithi ya Robert Brooks iliyotoka pamoja na toleo la Battle for Azeroth kama kitu cha ziada. Safu hii imelipigia kelele jambo hili tangu zamani na haitaacha: mchezaji analipa ada kila mwezi, halafu sababu ya vita anatakiwa kuitafuta dukani kwenye kitabu.

Tatizo kubwa lilikuja mwaka 2020 na Shadowlands. Tukaambiwa Sylvanas alikuwa na mkataba na Zovaal, mfungwa wa kuzimu ya Maw, na kwamba vita vyote vile vilikuwa njia ya kumpelekea roho. Haya, tuhesabu. Kama aliuchoma mti kwa sababu ya mkataba, basi maneno ya Delaryn hayakuwa na kazi yoyote; mti ungeungua hata kama majeruhi yule angekaa kimya. Na kama aliuchoma kwa sababu maneno yale yalimgusa donda la Arthas, mkataba wa Zovaal hauelezi kitu. Maelezo mawili yanagombania tendo moja, na kila moja linalifuta lenzake. Waandishi walitaka yote mawili: machozi ya video na hesabu ya njama. Wakakosa yote.

Aliyeumia zaidi ni mchezaji wa Horde. Alipigana Ashenvale, akapigana Darkshore, akafuata kila agizo, kisha akaonyeshwa video ya jambo ambalo hakuulizwa. Uchaguzi wa kusimama na Saurfang au kubaki na Sylvanas ulikuja baadaye, na matokeo yalikuwa yaleyale kwa kila aliyechagua. Saurfang akafa langoni mwa Orgrimmar, Sylvanas akatamka kwamba Horde si kitu, akapaa.

Linganisha na Arthas. Wakongwe wa Warcraft III hawahitaji kukumbushwa Stratholme. Nafaka yenye sumu imeshaingia mjini, raia watageuka wafu muda wowote, na Arthas anasema wazi anachotaka kufanya na kwa nini. Uther anakataa. Jaina anaondoka. Kisha kipanya kinabaki mkononi mwa mchezaji, na ni yeye anayeingia nyumba hadi nyumba. Hakuna kilichofichwa. Baadaye kule Northrend, Muradin anasoma maandishi chini ya Frostmourne na kumwonya kwamba upanga ule umelaaniwa. Arthas anauchukua akijua. Ndiyo maana zaidi ya miaka 20 baadaye watu bado wanabishana kama alikuwa na haki. Kuhusu Teldrassil ubishi ni mwingine: mwandishi alikuwa anawaza nini?

Wapo watakaosema fumbo ni haki ya msimulizi. Ni kweli, na mfano bora haupo kwa Blizzard kule California, upo kwa mwana wa Machui, hapo hapo pwani ya Tanga. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha 1952, Shaaban Robert anamwonyesha liwali mwema ambaye kila usiku huwachapa manyani wawili viboko. Sababu haijulikani. Lakini Ikibali, mjumbe wa mfalme anayechungulia, anaona kitu kingine: liwali analia huku anachapa. Machozi yale ndiyo dalili. Msomaji anajua mara moja kwamba mtu huyu analazimishwa, na maelezo yanapokuja, ya nduguze wenye husuda, bahari na jini Huria, kila kiboko kinapata maana yake. Machozi hayafutwi na maelezo, yanathibitishwa. Katika video ya Teldrassil hakuna machozi ya namna hiyo. Kilichoonekana ni hasira tupu, na miaka miwili baadaye hasira hiyo ikaitwa hesabu.

Na kabla hatujasahau, Vol'jin. Kiongozi wa Horde anachomwa na pepo asiye na hata jina mwaka 2016, anamrithisha Sylvanas kwa kuwa mizimu imemwambia, halafu baadaye mzimu wake mwenyewe anazunguka kuuliza ni nani aliyemnong'oneza. Mbegu ya Teldrassil ilipandwa pale, kwa uzembe uleule.

Mambo mazuri yapo. Xal'atath, adui wa Midnight, ameandaliwa kwa subira tangu alipokuwa jambia linalonong'ona kwenye Legion. Chris Metzen, mwandishi mkongwe wa Warcraft, amerudi, na mpango wa matoleo matatu aliouzindua Novemba 2023 una mwanzo, kati na mwisho.

Sasa utabiri. Midnight itasimama au kuanguka kwenye Sunwell, chemchemi ya nguvu ambayo Xal'atath ameielekea, na hapo dalili zipo kwa anayekumbuka. Mwaka 2018 Alleria alipoikaribia, giza alilolibeba liliivuta Void hadi pale, na Lor'themar akamfukuza mjini. Kwa hiyo mtu anayemwinda Xal'atath kuliko wote ndiye asiyepaswa kukanyaga uwanja wa vita. Mchezaji wa Raskazone anayeingia seva za Ulaya saa nne usiku, wenzake wa Paris wakiwa ndiyo kwanza saa mbili, anaweza kuukisia mgogoro huo bila kununua kitabu chochote. Safu hii inaamini Alleria atalazimika kuchagua kati ya kisasi na chemchemi, na kwamba mwanawe Arator ndiye atakayelipa.

Kwa Sylvanas, yuko Maw tangu 2022 kwa hukumu ya Tyrande, akitoa roho alizozipeleka. Akirudi, anayepaswa kukutana naye kwanza si dada zake. Ni Delaryn, ambaye baada ya kifo chake pale ufukweni alifufuliwa kwa nguvu na kutumikishwa upande wa adui. Ni yeye tu anayeweza kumuuliza swali la 2018 uso kwa uso na kudai jibu moja. Hofu ni kwamba Blizzard watachagua kumbatio la ndugu watatu mbele ya Silvermoon mpya, muziki ukipanda, na swali likapita.

The Last Titan, toleo la tatu la mpango wa Metzen, ndiyo inayotisha zaidi. Toleo hilo linarudi Northrend na Ulduar, kuufumua ukweli kuhusu titani. Wazee wa 2009 walishauona ukweli huo: Algalon alikuja kuifuta dunia nzima na kuianza upya kwa kuwa hesabu haikukubali, na alipoghairi akakiri kwamba alishafuta dunia nyingi namna hiyo bila huruma. Dalili hiyo inatosha kujenga adui wa heshima, titani wenyewe kwa sababu zao wenyewe. Ila Zovaal naye alipachikwa nyuma ya Arthas miaka 18 baada ya Frostmourne, na hakuna kinachowazuia kumpachika mwingine nyuma ya Algalon.