Tabibu na Neno la Kweli

Riwaya ya Albert Camus iitwayo La Peste, maana yake Tauni, ilichapishwa mwaka 1947. Inasimulia maradhi yaliyoushukia mji wa Oran, katika pwani ya Aljeria, zama za utawala wa Wafaransa. Wengi huisoma kama fumbo la vita. Hapa tutaipima kwa swali moja tu: kwa nini watu humwamini tabibu, na kwa nini humkataa?

Kisa chaanza kwa panya. Daktari Rieux aona panya mfu ngazini, naye bawabu wa nyumba akana kabisa: panya hawamo humo, ni watoto watundu waliomleta. Baadaye bawabu huyo afa kwa maradhi. Lakini mwandishi hamdhihaki asiye na elimu, maana upesi atuonyesha wenye elimu nao wakiliogopa neno. Madaktari wakutana mbele ya mkuu wa jimbo. Mzee Castel aitaja tauni waziwazi. Daktari Richard ataka wangoje. Rieux asema kuwa jina si kitu. Wasipotenda kana kwamba ni tauni, nusu ya mji yaweza kuangamia. Matokeo ya mkutano ni matangazo madogo, yaliyobandikwa mahali pasipoonekana sana. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na serikali inayonong'ona habari za hatari huwazoeza watu kutoisadiki hata itakapopaza sauti.

Pale penye upungufu wa neno la kweli, uvumi hustawi. Peremende za mnanaa zatoweka madukani kwa kudhaniwa kuwa ni kinga, na wapiga chapa wauza utabiri wa kale. Camus ayaeleza haya bila hasira, nasi twaelewa kuwa mwenye njaa hula anachopewa.

Uzuri wa Rieux ni kwamba haahidi asilolijua. Rambert, mwandishi wa gazeti, amwomba cheti cha kuthibitisha kuwa hana ugonjwa, apate kuondoka mjini. Rieux amnyima, kwani hawezi kuthibitisha jambo asilo na hakika nalo. Dawa ya Castel yajaribiwa kwa mtoto wa hakimu Othon, na mtoto afa baada ya mateso marefu. Castel haachi kazi, na baadaye dawa yake yaanza kuponya. Richard, aliyefurahia kuwa hesabu ya vifo imetulia, auawa na tauni ile ile.

Hata hivyo kitabu kina doa kubwa. Rambert alikuja Oran kuchunguza hali ya maisha ya Waarabu. Rieux alipomwuliza kama ataruhusiwa kuandika ukweli wote, alikiri kuwa hataruhusiwa. Baada ya hapo Waarabu karibu watoweke katika riwaya, ingawa mji ni wao pia. Kwa hiyo swali zito kuliko yote halikuulizwa: mtu aliyetawaliwa miaka mingi bila kusikilizwa, ataliaminije tangazo la mtawala siku ya tauni? Imani ni akiba. Haiwekwi siku ya dhiki.

Maradhi ya Korona yalituonyesha jambo hilo. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani halikuwashauri watu wazima wa afya kwa jumla wavae barakoa. Tarehe 5 Juni mwaka ule ule likazishauri serikali ziwahimize watu kuvaa katika mahali penye maambukizo na msongamano. Wako walioyaita mageuzi hayo uongo. Lakini elimu inayojisahihisha si uongo. Hatari ni kulitamka neno la kwanza kana kwamba ndilo la mwisho.

Basi, kijana, soma kitabu hiki, ujifunze kwa Rieux na Castel namna mjuzi anavyostahili kuaminiwa. Kisha uwatafute wale ambao mwandishi hakuwapa sauti, ujiulize kama wao wangaliamini.