Tadbiri ya David Garrick katika Ukumbi wa Drury Lane

Katika usiku ule ambao pato la mchezo, baada ya kutolewa gharama za nyumba, lilikuwa haki ya mwigizaji mmoja, ilikuwa desturi ya kumbi za London kuweka viti juu ya jukwaa lenyewe, hata shujaa wa tamthilia akafia miguuni pa watazamaji waliokuwa wakiendelea na mazungumzo yao. Mwigizaji David Garrick aliijua adha hiyo kwa kuwa alisimama ndani yake: mwaka 1741 aliwastaajabisha watu wa mji ule katika nafsi ya mfalme Richard wa Tatu, na mwaka 1747, pamoja na James Lacy, akawa mwenye hisa na mwendeshaji wa Drury Lane.

Kuwafukuza watazamaji wa jukwaani kwa amri tupu kungekuwa kuwanyang'anya waigizaji riziki yao. Kwa hiyo Garrick alitanguliza ujenzi, akaupanua ukumbi mwaka 1762 ili nafasi zitakazopotea jukwaani zipatikane upande wa watazamaji, na hapo ndipo alipoipiga marufuku desturi ile. Kwangu mimi tadbiri hii ina fahari kuliko sifa zote zilizomiminwa juu ya uso na sauti yake. Tazama kinyume chake: Januari 1763 alipojaribu kuifuta nusu ya kiingilio waliyoizoea watu wenye kuingia baada ya sehemu ya tatu ya mchezo, asiwape chochote badala yake, zilizuka ghasia, mabenchi na taa zikavunjwa, naye akalazimika kusalimu amri.

Baada ya safari yake ya Ufaransa na Italia, mwaka 1765 aliziondoa duara za mishumaa zilizoning'inia juu ya jukwaa na kuwaumiza macho watu wa roshani, akaficha taa pembeni nyuma ya mandhari, zikiwa na vioo vya kurudisha nuru. Uso wa mwigizaji ukaonekana hata akiwa mbali na ukingo wa jukwaa, na mandhari nayo ikapata uhai. Ndiyo sababu ilimfaa kumwajiri mchoraji de Loutherbourg, aliyetoka Paris, kwa pauni 500 kila mwaka, gharama ambayo katika giza la zamani ingekuwa israfu.

Alipostaafu mwaka 1776, hisa yake iliuzwa kwa pauni 35,000 kwa mwandishi wa tamthilia Sheridan na washirika wake, ambao waliendelea kumtumia mchoraji yule yule.