Nani Aliyeshika Mizani? Afrigo ya Jana na Afrigo ya Leo

Ni nadra katika Kampala mtu mzima aliyecheza dansi ujanani mwake kukaa na kijana apendaye muziki bila ya mazungumzo yao kuishia katika suala moja kuhusu bendi ya dansi ya Afrigo, nalo ni Afrigo ipi iliyo bora: ile ya miaka ya 1970, ile ya kaseti za miaka ya 1980 na 1990, au hii inayopanda jukwaani leo. Mzee hushuhudia kwamba sauti ya zamani ilikuwa na uhai ambao sasa haupo. Kijana hujibu kwamba sauti ya sasa ni safi na ina nguvu, na kwamba mzee anausifu ujana wake wala hausifu muziki. Mashahidi wote wawili ni wakweli kwa waliyoyasikia, ila hukumu zao hugongana kwa sababu kila mmoja hupima kitu kilichotengenezwa kwa njia iliyo baidi na njia ya mwenziwe. Kabla ya kuuliza ipi bora, yapasa kuuliza kila moja ilifanywaje, na hasa nani aliyekuwa na madaraka ya kuamua ala gani isikike mbele na ipi ikae nyuma.

Afrigo iliundwa mwaka 1975 na wanamuziki waliojitenga na bendi ya Cranes, miongoni mwao Moses Matovu, mwimbaji na mpulizaji wa saksafoni, ambaye jina lake na jina la bendi yamekuwa hayatengani. Bendi iliyotimiza miaka 50 mwaka 2025, ikiwa bado na Matovu na nyimbo nyingi zilezile, ni hazina kwa mchambuzi, kwani twaweza kuona ni nini kilichogeuka ilhali watu na tungo vimebaki. Labda Msondo Ngoma ya Dar es Salaam, iliyoanza kwa jina la NUTA Jazz mwaka 1964, ndiyo jirani yake wa karibu katika umri na katika mabishano ya wapenzi wake.

Tuanze na zama za kwanza. Bendi ya dansi ya Afrika Mashariki katika miaka ile ilipanda jukwaani na vyombo haba: kila gitaa na amplifaya yake, drams na tumba zikilia kwa nguvu ya mikono tu, na maikrofoni mbili tatu za waimbaji zimeungwa katika amplifaya moja yenye spika mbili, moja kila upande. Tarumbeta na saksafoni zilisogea mbele zilipotakiwa kutoa kauli yao, kisha zikarudi nyuma. Hapakuwa na fundi mitambo aliyeketi katikati ya ukumbi akipandisha hiki na kushusha kile. Sauti iliyowafikia wachezaji ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ileile iliyotoka mikononi na midomoni mwa wanamuziki. Mpiga gitaa aliyeona kwamba mwimbaji hasikiki alilegeza mkono, na mpiga drams aliyesikia saksafoni ikianza alipunguza matoazi, kama mabaharia wa jahazi moja, kila mmoja akikaza au kulegeza kamba yake kwa kumtazama mwenziwe. Mizani ilikuwa jukwaani, na walioishika walikuwa wapigaji wenyewe.

Kaida hii ilizaa upangaji wa muziki wa namna yake. Maadam tarumbeta yaweza kuifunika sauti ya binadamu bila taabu, haikupulizwa juu ya maneno ya mwimbaji. Ilingoja mwisho wa mshororo, ikajibu, ikanyamaza. Magitaa yaligawana ngazi za sauti: la solo lilikaa juu, la ridhim katikati, la besi chini, na kwa mgawanyo huo kila moja lilisikika pasipo kuongezewa nguvu. Mpango wa wimbo wenyewe, uliochukuliwa kwa sehemu kutoka rumba ya Kongo, ulianza na beti za taratibu, kisha ukafungua mlango wa sebene ambamo magitaa na vipulizo vilipewa uwanja. Afrigo iliongeza juu ya msingi huo mapigo ya Kiganda, na hasa baakisimba, ambayo hutembea kwa hesabu ya tatu tatu pale ambapo rumba hutembea kwa mbili mbili. Wapigaji ngoma wa Buganda walikwisha kuijua siri ya mizani hii kabla ya umeme kufika, kwani sauti kavu ya juu ya ngoma iitwayo engalabi husikika wazi kando ya ngurumo ya ngoma kubwa kwa sababu ya umbali ulio baina ya sauti zao, wala haihitaji kupigwa kwa nguvu kuliko mwenziwe.

Hali ya nchi nayo iliingia katika sauti. Baada ya wafanyabiashara wa asili ya Kiasia kufukuzwa mwaka 1972, bidhaa za ng'ambo ziliadimika, na nyuzi za gitaa, tete za saksafoni na vipuri vya amplifaya vyote ni bidhaa za ng'ambo. Amplifaya iliyochakaa hukwaruza ikikazwa, hivyo mwenye kuitunza huiwasha kwa kiasi, na kiasi hicho huwalazimisha wengine wote kushuka nayo. Katika miaka iliyofuata vita vya 1979, usiku wa Kampala ulipokuwa na amri ya kutotoka nje na milio ya bunduki, dansi ilikuwa amali ya watu waliokusanyika kwa tahadhari katika kumbi ndogo, wakiwa karibu na jukwaa. Ukaribu huo wa mahali ndio uliofanya mizani ya mkono iwezekane.

Hapa inafaa kumhoji shahidi wetu mzee kwa insafu. Mara nyingi anaposema anaikumbuka sauti ya Afrigo ya zamani, kumbukumbu yake imechanganya mambo matatu: ukumbi, sahani na kaseti. Sahani ndogo ya mizunguko 45 ilibeba takriban dakika tatu kwa upande, na kwa hiyo wimbo ambao ukumbini ungeweza kuchezwa robo saa ulikatwa, sebene yake ikafupishwa au ikahamishiwa upande wa pili. Kaseti iliruhusu urefu, lakini ilipokopiwa kutoka kaseti nyingine, nayo ikakopiwa tena, ilipoteza sauti za juu na kuongeza mvumo. Ulaini ule ambao wengi huusifu leo umetokana, kwa kadiri fulani, na upotevu wa matoazi na wa ukali wa tarumbeta. Anayeilinganisha kaseti ya namna hiyo na onyesho analolisikia kwa masikio yake usiku wa leo, analinganisha ushahidi uliochujwa mara kadhaa na ushahidi ambao kaseti haijauchuja, na hukumu yake haiwezi kusimama.

Zama za pili zililetwa na ukubwa wa mahali. Kampala ilipozoea maonyesho ya viwanjani, kama yale ya uwanja wa kriketi wa Lugogo, sheria za maumbile zilidai haki yao. Katika uwanja wa wazi, sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidishwa maradufu. Aliye mita 64 kutoka jukwaani hupata desibeli 36 pungufu ya zile zilizopo mita moja kutoka kwenye chanzo. Aidha sauti husafiri kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde, hata aliye mita 100 nyuma humwona mpiga drams akishusha kijiti kwanza, kisha akasikia pigo baada ya thuluthi moja hivi ya sekunde. Hakuna mkono wa mwanamuziki uwezao kuyatengeneza hayo. Basi kila chombo kiliwekewa maikrofoni yake, nyaya zote zikaelekezwa kwenye mikisa, yaani mtambo wa kuchanganya sauti, na madaraka ya mizani yakahama kutoka kwa watu wengi walio jukwaani kwenda kwa mtu mmoja aliye mbali nao.

Uhamisho huu ulikuwa na faida ambazo mzee huzisahau. Mwimbaji aliachiliwa asipige kelele: sauti ya mwimbaji wa Afrigo kama Joanita Kawalya, au Rachael Magoola aliyeimba "Obangaina" kwa Kisoga, iliweza kushuka hadi kunong'ona na bado ikamfikia aliye mwisho wa ukumbi. Hasara yake ni ya siri zaidi. Mpulizaji akipunguza pumzi kwa makusudi, fundi humpandisha. Akiongeza, fundi humshusha, au mtambo wa kubana sauti humsawazisha kabla ya mkono wa fundi kufika. Nguvu na ulaini, ambavyo zamani vilikuwa lugha ya wanamuziki baina yao, hupoteza maana vinapofika kwa hadhira. Fauka ya hayo, kila mpigaji husikiliza spika yake ya jukwaani yenye mchanganyiko uliopangwa kwa ajili yake peke yake, hivyo kila mmoja hucheza ndani ya bendi iliyo tafauti kidogo na ile anayoisikia mwenziwe.

Wamarekani walikwisha kupambana na tatizo hili. Bendi ya rock ya Grateful Dead, ambayo wapenzi wake wamejulikana kwa kurekodi maonyesho na kulinganisha mwaka kwa mwaka, ilijenga mwaka 1974 ukuta wa spika mia kadhaa na kuusimamisha nyuma ya wanamuziki badala ya mbele yao, ili jukwaa na hadhira wasikie kitu kimoja, na kila mpigaji aamue mwenyewe ukubwa wa sauti yake. Ili waimbaji wasivamiwe na spika zilizo mgongoni mwao, kila mmoja alipewa maikrofoni mbili zilizounganishwa kwa kupingana, zikafuta sauti zilizoziingia zote mbili kwa pamoja na kubakisha ya mdomo ulio karibu na mojawapo. Gharama na uzito wa mitambo ile viliwashinda, wakaiacha mwaka uleule. Bendi yenye mali nyingi iliona haja ya kununua kwa mashine kile ambacho bendi za Kampala zilikuwa nacho bure katika kumbi zao ndogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja desturi iliyomaliza shauri la mizani kabisa, pale waimbaji wengi walipoimba juu ya muziki uliokwisha rekodiwa. Afrigo haikuifuata njia hiyo; iliendelea kupiga vyombo vyake mbele ya watu, na kwa miaka mingi maskani yake ya mwisho wa wiki yakawa Club Obbligato. Lakini bendi hiyohiyo hualikwa kwenye karamu za hotelini, ambako watu huketi mezani, sauti hushushwa ili mazungumzo yaendelee, na wimbo hukatwa kabla ya sebene kukolea. Akthari ya lawama ambazo wapenzi huielekezea Afrigo ya leo, nikizichunguza, ni lawama za karamu. Ile ya zamani huhukumiwa kwa usiku wa dansi, na ya leo kwa usiku wa viti.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mzee ana haki anaposema kwamba kitu kimepotea, na anakosea anapokitafuta katika vidole na mapafu ya wanamuziki. Kilichopotea ni amri yao juu ya sauti yao wenyewe, na kimepotea zaidi mahali pakubwa kuliko padogo. Kijana ana haki anaposifu usafi, na anakosea anapodhani kwamba nguvu za spika ni nguvu za bendi. Atakaye kulinganisha kwa haki na aende kwenye klabu, achague wimbo mmoja wa zamani, asimame karibu na jukwaa, aache beti zipite, kisha sebene inapoanza atazame kama mpiga gitaa anamtazama mpulizaji au anaitazama spika yake. Na fundi mitambo atakayehudumia bendi ya aina hii katika ukumbi mdogo, aziinue sauti za waimbaji, aipe besi kiasi chake, na vyombo vilivyobaki aviache katika mikono ya wenyewe, kwani wamekuwa wakiishika mizani hiyo tangu kabla mikisa yake haijaundwa.