Daftari la Tajiri

Wahenga walisema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Mithali hii ilitujia mara nyingi tulipokuwa tukiisoma insha ya Andrew Carnegie, iliyopigwa chapa Marekani mwezi wa Juni 1889 katika gazeti la North American Review. Jina lake lilikuwa fupi, yaani "Utajiri", lakini baadaye ikajulikana kwa jina la Injili ya Utajiri. Twaona yafaa wasomaji wetu waijue, kwa kuwa imetenda kazi kubwa duniani, na matunda yake yamefika hata Afrika ya Mashariki. Walakini kuijua hakutoshi, yatupasa kuipima.

Kwanza tumjue mwandishi. Alizaliwa mwaka 1835 katika mji wa Dunfermline, Uskoti. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo kwa mkono. Mitambo ya mvuke ilipoanza kufuma nguo nyingi kwa bei rahisi, kazi ya mikono ilikosa wateja, na umaskini ukaingia nyumbani. Mwaka 1848 wakavuka bahari, wakakaa karibu na Pittsburgh. Huko mtoto Andrew aliingia kiwanda cha pamba kwa ujira wa dola moja na senti ishirini kwa juma. Baadaye akawa tarishi wa simu, kisha mtumishi wa reli, hata mwisho akawa bwana wa viwanda vikubwa vya chuma cha pua. Wala hakumsahau James Anderson, mzee aliyewafungulia vijana wa kazi maktaba yake ya vitabu kama 400 kila Jumamosi, wapate kuazima.

Tena tuzijue zile nyakati. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokwisha mwaka 1865, Marekani iligeuka upesi. Reli zilienea nchi nzima, na reli zilihitaji chuma cha pua. Ndipo ikatumika njia mpya ya kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka, na kazi iliyowashinda mafundi kwa saa nyingi ikamalizika kwa dakika chache. Mwaka 1875 kiwanda cha Carnegie huko Braddock kilianza kazi kwa njia hiyo. Bei ya chuma ikashuka, miji ikakua, wageni kutoka Ulaya wakamiminika kutafuta kazi. Lakini fundi, ambaye zamani ustadi wake ulikuwa mali yake, sasa aliona ustadi ule umehamia ndani ya mtambo. Wachache wakatajirika kupita kiasi, na maelfu wakasongamana katika vyumba vidogo penye moshi.

Pengo hilo ndilo lililomfanya Carnegie ashike kalamu. Asema ya kuwa zamani mkuu na watu wake waliishi karibu sawasawa, na sasa sivyo. Lakini mashindano ya biashara, ingawa ni makali kwa mtu mmoja mmoja, yamewaletea watu wote vitu bora kwa bei nafuu. Kisha auliza, tajiri aitumieje mali yake? Kuwaachia watoto ni kuwaharibu. Kungoja kufa ndipo itolewe si sifa, maana mtu hutoa asichoweza kwenda nacho. Iliyo bora ni kuigawa angali hai, akijiona kuwa wakili tu wa ndugu zake maskini. Na afaye akiwa bado na mali nyingi, afa kwa aibu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Maneno haya ni ya ujasiri, tena yeye mwenyewe aliyatimiza. Mwaka 1901 aliviuza viwanda vyake, na kabla ya kufa mwaka 1919 alikuwa ametoa zaidi ya dola milioni 350. Maktaba zaidi ya 2,500 zilijengwa kwa fedha zake katika nchi mbalimbali. Matajiri wangapi wamesema hivi wakatenda hivi?

Hata hivyo twaona kosa kubwa katika insha hii. Daftari lake limeanza ukurasa wa kati. Yatueleza kwa urefu jinsi mali itolewavyo. Jinsi ilivyopatikana yapita mbio, kana kwamba mali ilimea yenyewe kama nyasi za masika. Tulitafuta humo swali la ujira wa haki, hatukuliona. Bali mwandishi asema ya kuwa fedha nyingi zikitumiwa pamoja kwa kazi ya watu wote zafaa kuliko zikitawanywa kidogo kidogo kwa wengi.

Miaka mitatu baadaye neno hilo lilipimwa huko Homestead, kando ya mto Monongahela, penye kiwanda chake kingine. Mkataba wa mafundi ulikwisha Juni 1892. Msimamizi wake, Henry Clay Frick, alitaka kupunguza viwango vya ujira, na hakutaka tena kupatana na chama chao. Akazungusha ua mrefu, akawafungia watu nje. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai, walinzi wa kukodiwa 300 wa kampuni ya Pinkerton waliletwa kwa majahazi mtoni. Watu wa mji wakawazuia wasishuke, risasi zikalia, na watu wasiopungua kumi wakafa pande zote mbili. Siku chache baadaye askari wa jimbo walifika kwa maelfu, na Novemba mgomo ukavunjika, na chama pamoja nao. Carnegie alikuwa mbali, Uskoti. Lakini shauri la Frick alilijua na kuliunga mkono. Naye ndiye aliyeandika mwaka 1886 ya kuwa wafanyakazi wana haki ya kuungana kama walivyo nayo mabwana!

Mwaka 1898 Homestead ilifunguliwa maktaba nzuri, zawadi ya Carnegie, yenye ukumbi wa muziki na mahali pa kuogelea. Lakini wengi wa watu wa viwanda vile walifanya kazi saa 12 kwa siku, na wengine, siku ya kubadilishana zamu, walishinda na kukesha kazini saa 24. Desturi ya saa 12 haikuondolewa mpaka mwaka 1923. Mtu atokaye tanuruni hali hiyo, atasoma kitabu saa ngapi? Kilichompungukia si maktaba tu, bali muda na nguvu za kuingia ndani yake.

Labda msomaji atasema, "Wangalipewa nyongeza wangaliipoteza kwa ulevi." Huenda wako wangalifanya hivyo. Lakini mwingine angalimnunulia mtoto viatu, au kumwacha shuleni mwaka mmoja zaidi. Kuchagua huko kulikuwa haki yao. Anayezuia ujira wa kibarua ili amfanyie wema mkubwa baadaye, amechukua vitu viwili: fedha yake na shauri lake. Zawadi yarudisha sehemu ya ile ya kwanza. Hili la pili hairudishi.

Sisi walimu twanena haya kwa hofu, maana nasi tumo katika daftari hilo. Shule ya Jeanes ya Kabete, Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1925 ili kuwafundisha walimu wa kusaidia shule za vijijini, ilipata fedha kutoka kwa shirika la Carnegie. Wazee wetu walisoma kwa msaada huo, na wakawasomesha wengine. Je, tuukane? Hasha. Twashukuru. Ila shukrani yetu isikome kwa jina lililochongwa juu ya mlango wa maktaba. Na iwafikie pia wale wa Homestead, ambao majina yao hayakuchongwa popote, nao walitoa kabla ya tajiri kutoa.

Mali bila daftari, wasema wahenga, huisha bila habari. Basi daftari lisomwe tangu ukurasa wa kwanza.