Ukurasa na Hoja: Jarida la ARK la Wanafunzi wa Usanifu

Katika tahakiki zetu tumezoea kutenga fani na maudhui, na ndani ya fani tukahesabu muundo, mtindo na lugha. Karatasi na herufi tukawaachia wapigachapa. Upungufu wa desturi hii hudhihirika tuwasomapo wanafunzi wa usanifu watoao majarida yao wenyewe. Hapa tutalichunguza moja tu, ARK, lililoanzishwa mwaka 1950 na Jack Stafford, mwanafunzi wa Royal College of Art, London, nalo likadumu kwa matoleo 54 hadi 1978.

Kwa nini wajisumbue? Zoezi la darasani lina msomaji mmoja, naye ni mwalimu, likishasahihishwa limekwisha. Jarida lina gharama, lina siku ya kupelekwa mtamboni, tena lina msomaji asiyemjua aliyelitengeneza wala kumhurumia. Lakini iko sababu nzito zaidi. Shule ya usanifu ya Ulm, Ujerumani Magharibi, ilikuwa na jarida lake rasmi tangu 1958, na bado katika miaka ya 1960 wanafunzi wake walitoa lao, output. Jarida la chuo husema yale ambayo chuo kimekwisha kuyakubali. Mwanafunzi ataka mahali pa kujaribia yasiyokubaliwa bado. Ndivyo ilivyokuwa katika toleo la 18 la ARK, mwaka 1956, ambamo wasanifu majengo Alison na Peter Smithson walidai kwamba matangazo ya biashara yalikuwa yakiinyang'anya sanaa kazi ya kuunda ladha ya umma. Na jarida lenyewe, yafaa tukumbuke, lilibeba matangazo.

Kazi iligawanywa baina ya mhariri na mhariri wa sanaa, na wanafunzi walipokezana nafasi hizo. Len Deighton, aliyekuja kutunga riwaya ya The Ipcress File (1962), aliwahi kuwa mhariri wa sanaa. Alan Fletcher naye alilisanifia. Kwa hiyo matoleo hayafanani, na apendaye utaratibu ataudhika. Mimi siudhiki na hilo. Kinachoniudhi ni pale mapambo yanapoyameza maneno, msomaji akabaki kuitafuta sentensi ndani ya rangi. Hapo siwezi kuwatetea.

Wajuzi wa hati za Lamu wana kipimo cha kulinganishia. Muhamadi Kijuma alikuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchongaji, na katika miswada yake nakshi na maneno ni kazi ya mkono mmoja. Katika ARK mikono ilikuwa miwili, na mara nyingine iligombana. Yamkini ugomvi huo ndio uliolipa jarida uhai.

Makala ya akina Smithson yamechapwa upya zaidi ya mara moja, aghalabu kama maneno matupu. Atakaye kuona jinsi yalivyopangwa awali hana budi kulitafuta toleo lenyewe la 1956.