Mkono Unaofuata Chembe

Tabibu hodari hakimbilii kumgusa mgonjwa wa tumbo. Anamuuliza kwanza: "Maumivu yalianzia wapi, mwanangu, na sasa yako wapi?"

Tuseme mgonjwa ni kijana mvuvi wa Somanga, wilayani Kilwa. Usiku tumbo lilimsokota kitovuni, akakinai chakula, akatapika. Kulipokucha maumivu yalikuwa yamehamia chini kulia, na sasa anayaonyesha kwa kidole kimoja. Kuhama huko kuna sababu. Kidole tumbo kikizibwa na kinyesi kigumu, au na vifundo vya kinga vilivyovimba ukutani mwake, hutanuka. Mishipa ya fahamu ya utumbo haipambanui mahali, hivyo mtu huhisi kitovu ndicho kiumacho. Bakteria wakiongezeka, chembe nyeupe ziitwazo neutrofili hunata ndani ya vishipa vya damu, hujipenyeza nje na kuzama hadi kwenye misuli ya kidole tumbo. Humeza bakteria na kumwaga kemikali kali zinazounguza hata nyama ya mwili wenyewe. Uvimbe ukifika nje na kugusa utando wa ukuta wa tumbo, hapo ndipo maumivu hupata mahali pake.

Sasa ndipo mkono unapoingia kazini. Huanzia upande usiouma, polepole, macho ya tabibu yakiwa usoni mwa mgonjwa. Huishia pale alipopaeleza daktari Charles McBurney mwaka 1889: theluthi ya njia kutoka ncha ya mfupa wa nyonga hadi kitovuni. Misuli ikijikaza yenyewe chini ya vidole, tabibu amepata jibu ambalo mgonjwa hakulitamka.

Maabara nayo ina ufundi wake. Kwa hadubini ileile ya malaria na rangi ileile ya Giemsa, mtaalamu huhesabu chembe nyeupe 100, moja baada ya nyingine. Neutrofili zikipita 75, na nyingine zikiwa changa, anajua uboho umezitoa kabla hazijakomaa.

Mwaka 1986 daktari Alfredo Alvarado alizipanga dalili hizi kwa alama 10. Ni mbili tu zilizopewa alama 2 kila moja: maumivu ya kubonyezwa chini kulia, na wingi wa chembe nyeupe. Mkono na hadubini vina uzito sawa.

Hata hivyo alama hazimalizi kazi. Kwa mwanamke, mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi huweza kuuma hapohapo, na maambukizi ya mkojo huweza kufanana na ugonjwa wa kidole tumbo. Kumpakia mtu garini usiku, kupitia Nangurukuru hadi Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, ni uamuzi mzito. Kuchelewa hadi kidole tumbo kipasuke ni hatari zaidi. Ndiyo maana namheshimu sana tabibu ambaye, shaka ikibaki, hurudi kitandani baada ya saa chache na kubonyeza tena palepale. Chembe hazikusimama kumngoja, naye analijua hilo.